Jipu la mfereji wa makalio limerudi tena: lishonwe au liachwe wazi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 25, dereva wa bodaboda hapa Dodoma, kijiwe chetu kiko Nkuhungu. Mwaka jana nilitokwa na jipu chini ya kiuno, pale mfereji wa makalio unapoanzia. Nikaambiwa ni bawasiri, nikanunua dawa ya kupaka, haikusaidia. Likapasuliwa, likapona, likarudi. Likapasuliwa tena. Sasa kuna vitundu viwili vinatoa usaha na damu kidogo, nguo ya ndani inachafuka kila siku. Huwa nafungua vidonge vya rangi mbili nanyunyizia ule unga. Daktari wa kwanza amesema akate aache kidonda wazi kipone chenyewe. Wa pili amesema atakata na kushona. Nimsikilize nani? Nitakaa muda gani bila kuendesha, maana pikipiki ni ya mkataba? Na je, upasuaji huu unaweza kuniharibia nguvu za kiume?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali ulilolisukumia mwishoni, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, upasuaji huu haugusi nguvu za kiume. Mishipa ya fahamu inayohusika na mambo hayo inapita ndani ya nyonga, mbele ya mfupa. Sisi tunakata ngozi na mafuta yaliyo nyuma ya mfupa, na tukifika kwenye utando unaoufunika tunaishia hapo. Na ile sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo najua vijiweni ina hadithi zake, inalegeza miguu kwa saa chache tu kisha inaisha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Sijakuona, na hakuna daktari anayepaswa kukuhakikishia jambo kwa kusoma maandishi tu. Ila maelezo yako yanafanana sana na kitu kinachoitwa pilonidali, neno lililoundwa kutokana na Kilatini, maana yake ni kiota cha nywele. Si bawasiri. Bawasiri hukaa kwenye tundu la haja kubwa penyewe. Hiki hukaa juu yake, vidole vitatu au zaidi, katikati kabisa ya mfereji, karibu na kifandugu. Mwombe mtu unayemwamini akuangalie kwenye mwanga mzuri huku makalio yametanuliwa. Akiona kishimo kimoja au viwili vidogo kama vilivyotobolewa na pini, viko mstari mmoja katikati, na pengine unywele umechomoza, basi picha imekamilika. Tundu linalotoa usaha mara nyingi huwa juu zaidi na pembeni kidogo. Hilo ni mlango wa kutokea. Vile vishimo vya katikati ndivyo mlango wa kuingilia, na watu wengi hawavioni kwa sababu havitoi kitu.

Zamani madaktari waliamini mtu anazaliwa na kasoro hiyo. Kilichowatia shaka ni vinyozi: wapo waliopata ugonjwa huohuo katikati ya vidole vya mkono, na ndani yake zikakutwa nywele za wateja wao. Hakuna anayezaliwa na nywele za mteja kwenye vidole! Kilichopo ni kwamba unywele uliokatika hudondokea kwenye mfereji, joto na jasho huulainishia njia, na makalio yakisuguana mtu anapokaa na kutembea huusukuma kidogokidogo mpaka unachoma ngozi na kuzama. Unywele una magamba madogo sana, yameelekea upande mmoja kama miba ya samaki, kwa hiyo ukiingia haurudi nyuma. Watafiti wa Ujerumani waliochunguza nywele zilizotolewa kwenye viota hivyo walikuta nyingi ni vipande vifupi vya nywele za kichwani, vyenye ncha kali, visivyo na mzizi. Yaani vile vinavyobaki shingoni na mgongoni ukitoka kunyolewa. Kwa hiyo ukitoka kinyozi, kaoge siku hiyohiyo, na maji yapite mgongoni mpaka chini.

Kazi yako nayo imechangia. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, karibu wanajeshi 80,000 wa Marekani walilazwa kwa ugonjwa huu, na mwaka 1944 daktari mmoja wa huko akauita ugonjwa wa jipu. Samahani, namaanisha jeep, ile gari ya kijeshi. Kwa Kiswahili maneno hayo yanagongana vibaya. Kukaa muda mrefu kwenye kiti kinachoruka juu ya barabara mbovu hakutengenezi ugonjwa peke yake, ila kunausukuma. Bodaboda kwenye makorongo ya pembezoni mwa Dodoma haina tofauti kubwa na hiyo jeep.

Kwetu Waafrika ugonjwa huu huonekana mara chache kuliko kwa watu wa Uturuki, Ugiriki au nchi za Kiarabu. Nadhani ndiyo sababu mhudumu wa kwanza alikwambia bawasiri: tunauona mara chache, tunausahau. Huwapata zaidi wanaume, kuanzia balehe hadi miaka arobaini hivi, na wenye nywele nyingi mwilini na wanene huwa kwenye hatari zaidi.

Kwa nini lilirudi baada ya kupasuliwa mara mbili? Kwa sababu kupasua jipu ni kutoa usaha tu. Ni kazi ya lazima usaha ukijaa, na hakuna kidonge kinachochukua nafasi yake, ila kiota kinabaki ndani na vile vishimo vinabaki wazi. Wapo wanaopona moja kwa moja baada ya kupasuliwa mara ya kwanza, wanakaribia nusu au zaidi kidogo, na hao hawahitaji upasuaji mwingine. Wewe umeshatoka kwenye kundi hilo. Ule unga wa vidonge uache leo. Dawa haifiki kwenye kiota. Inachofanya ni kugandamana mdomoni mwa tundu na kuliziba, usaha unakosa pa kutokea, na siku mbili baadaye huwezi kukaa.

Kabla hujapanga upasuaji, daktari ahakikishe kwamba ni pilonidali kweli. Kwa mazingira yetu vitundu visivyopona karibu na njia ya haja kubwa vinaweza kuwa fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotokea ndani ya utumbo wa mwisho, au kifua kikuu cha ngozi na mifupa. Ndiyo maana atakupima kwa kidole njia ya haja kubwa. Usione aibu, ni dakika moja. Atapima sukari na VVU, kwa sababu vyote viwili vinabadili jinsi kidonda kitakavyopona. Na nyama itakayokatwa ipelekwe maabara ikaangaliwe kwa hadubini.

Sasa mabishano ya madaktari wako wawili. Kila mmoja ana haki kwa sehemu, na kuna swali ambalo hujawauliza ambalo mimi naliona kubwa kuliko lile la kushona au kutoshona.

Yule wa kwanza anataka kukata eneo lote lenye kiota mpaka karibu na mfupa, aache shimo wazi lijijaze lenyewe kutoka chini kwenda juu. Ni njia ya zamani na ya uaminifu. Haihitaji ufundi mkubwa, usaha haufungiwi ndani, na ikipona vizuri ugonjwa haurudi sana. Gharama yake unailipa kwa wiki. Kwa kawaida wiki 6 hadi 12, wengine zaidi, za kusafisha kidonda na kubadilisha gozi kila siku au kila baada ya siku moja. Baadhi yetu hushona kingo za ngozi kwenye sakafu ya shimo ili kupunguza ukubwa wake, na hilo linasaidia. Lakini kidonda kinataka maji safi kila siku, na kama umepanga chumba chenye bafu la kuchangia na maji ni ya mgao, jiulize kwa ukweli utaliwezaje kwa miezi miwili au mitatu.

Wa pili anasema atakata na kushona. Hapo ndipo pa kumuuliza, kwa adabu zote: daktari, mshono utakaa wapi?

Akikwambia utakaa katikati ya mfereji, juu kwenda chini, omba muda wa kufikiri. Mfereji ni mahali penye joto, jasho, hewa haba, na kila ukiinama ngozi inavutwa huku na huku. Mshono ukilala humo, ni sawa na kupanda mche kwenye njia ya ng'ombe. Hata ukishika, lile kovu la katikati linakuwa mlango mpya wa nywele. Nalijua hili kwa kulifanya. Nilipokuwa kijana kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimkata fundi mmoja wa magari kutoka upande wa Manyoni, nikashona katikati, mstari ulionyooka nikajisifu moyoni. Siku ya tisa alirudi na basi, amesafiri amelalia ubavu kwenye kiti cha nyuma. Nilipofungua bandeji nyuzi zote zilikuwa zimeachia, na shimo limekuwa kubwa kuliko lile nililoanza nalo. Aliishia kupona kwa kidonda cha wazi, miezi minne. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Mwaka 2010 yalitoka mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 26 ya upasuaji huu. Yalionyesha kwamba kidonda cha wazi huchelewa kupona lakini ugonjwa hurudi mara chache kuliko ukishonwa. Na kwamba ukiamua kushona, mshono wa pembeni unaushinda wa katikati kwa kila kipimo cha maana: unapona haraka zaidi, unaoza mara chache, na ugonjwa haurudi sana. Kwa hiyo mshindani halisi wa kidonda cha wazi ni mshono wa pembeni. Ule wa katikati mimi nimeuacha kabisa.

Mshono wa pembeni una namna zake. Ya Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki aliyeieleza mwaka 1973, ni hii: anakata kipande chenye umbo la yai kilichoegemea upande mmoja, kisha analegeza ngozi ya upande wa pili na kuivuta ivuke katikati. Fikiria unavyofunga shuka kiunoni, pindo ukalipeleka ubavuni. Mfereji unakuwa na kina kifupi na mshono unakaa pembeni penye hewa. Kwa maelfu ya wagonjwa aliowaripoti, waliorudiwa walikuwa kama 1 kati ya 100. Mikononi mwa wengine matokeo si mazuri kiasi hicho, ila bado ni mazuri. Bascom, daktari wa Marekani, naye alikuja na yake inayofanana na hiyo, inayosifika hasa kwa waliokwisha kukatwa mara nyingi wakashindikana.

Ile ninayoitumia zaidi ni ya Limberg, daktari mwingine aliyebuni namna ya kuzungusha kipande cha ngozi. Unalala kifudifudi, makalio yametanuliwa kwa plasta pana. Naingiza rangi ya bluu kupitia kishimo ili inionyeshe mahandaki yote yanakoelekea, maana macho hudanganya. Kisha nakata umbo la kipande cha kashata, lile la pembe nne lililolala, nikitoa kila penye bluu. Mara nyingi ndani hutoka kishungi cha nywele zilizosokotana, mithili ya zile zinazoziba tundu la bafu. Kando yake, kwenye kalio, nachora kipande kingine cha ukubwa uleule, nakikata pande mbili na kuacha upande mmoja umeshikana na mwili ili damu iendelee kukilisha, kisha nakizungusha kama mlango kwenye bawaba, kizibe shimo. Ncha ya chini naisogeza pembeni sentimita moja au mbili, kwa sababu hapo karibu na njia ya haja kubwa ndipo mshono hupenda kuachia. Huwekwa mpira mwembamba wa kutoa majimaji kwa siku chache. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi.

Nisikufiche ubaya wake. Kovu lake si zuri, lina pembe, na kalio moja linaweza kuonekana limebonyea kidogo. Sehemu ya ngozi inabaki na ganzi kwa miezi, pengine moja kwa moja. Majimaji yanaweza kujikusanya chini ya kipande, usaha unaweza kuingia, na wachache hupata sehemu ya mshono iliyofunguka ambayo huishia kutibiwa kama kidonda cha wazi, ila kidogo. Ukivuta sigara hatari inaongezeka. Acha angalau wiki nne kabla, na usiziwashe tena mpaka upone.

Kuna pia njia ndogo, na kama ungekuja mapema, una kishimo kimoja tu na hujawahi kukatwa, ningekwambia tuanze nayo: kukata kila kishimo kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kwa ganzi ya palepale, na kukwangua kiota kupitia tundu la pembeni. Mtu anarudi kazini ndani ya siku chache. Hurudi zaidi, kwa ripoti nyingi karibu mmoja kati ya watano, lakini ukirudi hujapoteza kitu kikubwa. Utasikia pia habari za mwali wa leza, kamera ndogo na dawa ya fenoli. Zipo, zina matokeo ya kuridhisha kwa viota vidogo, ila kwa mtu wa vitundu viwili aliyepasuliwa mara mbili sioni sababu ya kuzifuata mbali.

Kwa hiyo, kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja: kama yule daktari wa pili anashona pembeni na ameizoea kazi hiyo, nenda kwake. Kama anashona katikati, au hajawahi kuzungusha kipande cha ngozi, basi bora yule wa kwanza na kidonda chake cha wazi. Ufundi uliokaririwa vizuri ni bora kuliko ufundi mkubwa unaojaribiwa kwako. Na usiamue kwa kuulizana na wenzako kijiweni. Hapa mjini wapo madaktari bingwa wa upasuaji katika hospitali za General na Benjamin Mkapa. Kama una bima, anzia kituo chako uandikiwe rufaa. Kama huna na hali ni ngumu, ulizia dirisha la ustawi wa jamii kabla ya siku ya kulazwa, si baada. Ila ukipata homa, uvimbe ukajaa na kuwa mwekundu wenye maumivu makali, usisubiri rufaa. Nenda siku hiyohiyo utolewe usaha, na mwambie anayekupasua akate pembeni ya mstari wa kati.

Baada ya mshono wa pembeni, wiki mbili za kwanza lala kifudifudi au ubavu, tembea, ila usikae moja kwa moja juu ya mshono. Shida kubwa kwetu hakuna kitabu cha Wazungu kinachoiandika: choo cha kuchuchumaa. Ukichuchumaa, ngozi ya pale yote inavutika. Kwa wiki hizo tafuta choo cha kukaa kwa ndugu au jirani, au mpe fundi kazi ndogo ya kutoboa kiti cha mbao ukiweke juu ya tundu. Na choo kiwe laini usije ukajikamua: maji ya kutosha, matunda, na ugali kwa mlenda. Wagogo hapa hatuhitaji kufundishwa hilo.

Nywele zinazozunguka eneo hilo zipunguzwe kila wiki moja au mbili mpaka upone kabisa, na kwa kidonda cha wazi hili ni muhimu kuliko dawa yoyote, maana unywele ukilala kwenye kidonda unakizuia kufunga. Tumia mashine ya kunyolea au dawa ya kupaka ya kuondoa nywele, mbali na kidonda chenyewe. Kunyoa kwa wembe miezi na miaka nakushauri usifanye. Wanaofanya hivyo huonekana kurudiwa zaidi. Hutaweza kujinyoa mwenyewe vizuri, kwa hiyo mke, kaka, au nesi wa zahanati ndiye atakayeshika mashine. Aibu ya dakika tano.

Kuhusu pikipiki: kwa mshono wa pembeni, weka hesabu ya wiki nne bila kuendesha, na wiki sita kabla ya kurudi kwenye barabara za vumbi na makorongo au kubeba mizigo. Kwa kidonda cha wazi unaweza kukaa mapema zaidi, lakini jasho, vumbi na kiti cha pikipiki havipatani na shimo hilo, kwa hiyo miezi miwili hadi mitatu ndiyo hesabu ya kweli. Ongea na mwenye pikipiki sasa, kabla tarehe haijapangwa, mwonyeshe karatasi ya daktari, mkubaliane mkataba usogezwe mbele. Kisha tafuta deiwaka unayemwamini ashike chombo, awe analeta hesabu, na kinachobaki mgawane. Siku ukirudi barabarani anza na safari fupi za lami, Nkuhungu hadi Majengo, ushuke kila baada ya abiria wawili watatu unyooshe mgongo.